Aliyebaki Lala Uende

Sufuria lilikuwa limeoshwa.

Nyamizi aliliacha alfajiri na ukoko wa ugali umeng'ang'ania chini kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, akasema nitalikwangua nikirudi, akafunga mlango, huyo kazini. Jioni anafungua kufuli lake mwenyewe kwa ufunguo wake mwenyewe, anakuta sufuria limelala kifudifudi juu ya kichanja, limesuguliwa kwa majivu mpaka unajiona meno.

Sasa jamani, nani anaogopa sufuria safi? Wengine wangepiga vigelegele! Wangesema hilo jini lisiishie hapo, lipite na kwetu, kuna nguo chafu zinamsubiri. Nyamizi naye alisimama nalo mkononi akitabasamu, akamwambia mumewe, "Baba Kabula, leo umenipenda."

"Nimekupenda kivipi?" Mihayo akauliza.

"Si umenioshea sufuria."

Mihayo akamwangalia kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Mimi? Nioshe sufuria? Kwani naumwa?"

Na kweli, Mihayo na sufuria wapi na wapi! Mihayo yule ambaye kijiko akishakilamba kinabaki pale pale kilipodondokea, mpaka mwenye kijiko aje akiokote. Basi wakacheka, yakaisha. Ila Nyamizi hakucheka mpaka mwisho, maana ufunguo wa lile kufuli ulikuwa mmoja tu, na ulishinda kwapani kwake, kwenye fundo la khanga.

Hapo walipokaa panaitwa Lala Uende. Ni ng'ambo ya mto. Ukitoka Bariadi mjini unapita mashamba ya pamba, unateremka mbugani kwenye udongo mweusi ule unaokula viatu wakati wa mvua, unavuka mto juu ya mawe, unapanda kilima, umefika. Jina alilolitoa muuza viwanja lilikuwa zuri, Bariadi Mpya, lakini watu wa sokoni wakaona hao wa ng'ambo kazi yao kulala na kuondoka, wakawapachika Lala Uende, na jina la kejeli likishaota miguu hulikamati tena.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Simiyu haijawa mkoa, Bariadi bado tunahesabiwa Shinyanga. Pamba iliyokuwa inanunuliwa na ushirika peke yake sasa inagombewa kama bibi harusi, wanunuzi binafsi wamejaa na malori, majineri mapya ya kutoa mbegu kwenye pamba yanang'uruma mchana na usiku, mitumba imemwagwa sokoni, dagaa wa Lamadi wanaingia na kila gari. Kila mtu akataka kuwa karibu na mjini, na mjini vyumba hamna. Ndipo tajiri mmoja mwenye tumbo la kutangulia akakata viwanja kule kilimani, kwenye vichaka ambavyo wachungaji wa zamani walikuwa wanavizunguka, hawapiti ndani.

Zamani palikuwa na miji ya watu pale. Minyaa ilikuwa inaonyesha, imesimama duara, duara, kilima kizima. Msukuma akiuzungushia mji wake minyaa, yeye anaweza kufa, wajukuu wakahama, minyaa haifi wala haihami. Kila aliyepata kiwanja alifurahi kupata ua wa bure. Hakuna aliyeuliza ule ua ulikuwa wa nani.

Wakajenga. Bati zikang'aa. Lakini kule hakuna kazi, hakuna soko, hakuna mashine ya kusaga. Basi kunapambazuka tu, baiskeli zinateremka mtoni kama siafu, huyu anaenda jineri, yule dukani, yule mnadani, na jioni zinapanda tena, watu wamechoka hata salamu wanaitoa nusu. Hapo katikati, mchana kutwa, kitongoji kizima hakina mtu. Jogoo anawika, anajisikiliza mwenyewe.

Wezi wakaligundua hilo kabla ya mjumbe. Wakawa wanakuja mchana kweupe, wanachukua godoro, wanaliweka kichwani, wanapita nalo njiani wanasalimia watu. Ndipo wanawake wa Lala Uende wakatunga ujanja wao. Ukiondoka asubuhi, unasimama mlangoni, unamuaga mtu aliye ndani, kwa sauti, ili mwizi aliyejibanza kwenye minyaa asikie. Ndani hamna mtu! Lakini unaaga.

Jirani yake Nyamizi, Sikuzani, muuza mitumba, mwanamke wa maneno na kucheka, yeye alikuwa anamuaga mume. "Baba Nasrin, panga lako liko nyuma ya mlango, mpenzi! Usimuue mtu leo, mkate mguu tu!" Na mume hana tangu zamani. Kila asubuhi anamuaga mume wa hewa kwa mahaba ambayo waume wa kweli hawakuyaonja. Njia nzima mpaka mtoni watu wanajishika mbavu.

Nyamizi alikuwa mpole, mume wa panga hakumuweza. Akachagua bibi. Kila alfajiri akishafunga kufuli, anaegemeza mdomo kwenye ubao wa mlango, anasema, "Bibi, baki salama. Chakula kiko kwenye chungu. Utushikie nyumba, jioni tunarudi."

Maskini ya Mungu. Hakujua anaongea na nani.

Baada ya sufuria ikaja sakafu. Na ile sakafu ya saruji ndiyo ilikuwa sifa ya Nyamizi, aliifuta kuliko uso wake. Siku hiyo anafungua mlango, harufu ikampiga kabla ya macho. Mavi ya ng'ombe. Mabichi. Sakafu yote imekandikwa, imepakwa vizuri kwa mkono, upinde kwa upinde, kama wanavyopaka bibi zetu vijijini, mistari ya vidole inaonekana, bado ina unyevu. Na Lala Uende nzima hakuna ng'ombe hata wa kuchora.

"Kuna mtu anatuchezea," Mihayo akasema, ila sauti ilikuwa ndogo.

"Kapitia wapi?"

"Dirishani."

"Dirisha lina nondo, baba Kabula."

"Basi mwembamba."

Asubuhi iliyofuata Mihayo alishatangulia na baiskeli. Nyamizi akafunga kufuli, na mazoea ni kitu kibaya, mdomo ukaenda wenyewe: "Bibi, baki salama. Utushikie nyumba, jioni tunarudi."

Ndani mtu akakohoa. Kikohozi cha kizee, cha kusafisha koo kabla ya kusema na mkwe. Halafu sauti, kavu kama ganda la pamba:

"Haya. Nendeni salama."

Nyamizi hakupiga kelele. Alikimbia. Alimkuta Sikuzani ameshika njia na furushi lake kichwani, akamshika mkono kwa nguvu mpaka furushi likaenda upande.

"Dada, kajibu."

"Nani kajibu?"

"Bibi. Bibi yangu wa uongo. Kajibu."

Sikuzani akafungua mdomo acheke, alikuwa mtu wa kucheka msibani, lakini kicheko kikagoma. Akasogea karibu. "Alisemaje?"

"Kasema haya, nendeni salama."

"Sauti ya mtu?"

"Ya mtu. Bibi mzee kabisa."

"Uwii. Na mimi nimemwambia wangu achukue panga." Akageuka akaangalia nyumba yake kule juu, akavuta khanga kifuani. "Tembea, Nyamizi. Tembea, usigeuke."

Tangu hapo hakuna aliyemuaga mtu wa hewa Lala Uende. Lakini lililosemwa limesemwa, na kazi haingoji. Msimu umepamba moto, Mihayo yuko kwenye mashine ya kufunga marobota, Nyamizi anachambua pamba uwanjani na wanawake wenzake, mmoja akikosekana nafasi inajazwa kabla hajapiga chafya. Mtoto wao Kabula, mdogo bado, ndiyo kwanza maneno yanamjaa mdomoni, alikuwa anashinda mjini kwa shangazi yake Mihayo. Siku nyingine anapelekwa na baba kwenye baiskeli, siku nyingine na mama mgongoni, kulingana na nani anawahi.

Sasa sikilizeni kosa la watu wa kulala na kuondoka.

Asubuhi moja Mihayo aliwahi, katoka giza bado halijapasuka. Nyamizi akaamka kachelewa, akapapasa kitanda, mtoto hayupo, akasema Mungu akubariki baba Kabula, leo umembeba mwenyewe. Akajifunga khanga, akafunga kufuli, akaondoka. Kumbe mtoto kajiviringisha, kaangukia kati ya kitanda na ukuta, blanketi juu, usingizi mzito. Baba anajua yuko na mama. Mama anajua yuko na baba.

Jua lilikuwa utosini Mihayo alipopita pale uwanjani, vumbi la pamba limemjaa kope, akamuuliza mkewe kwa utani, "Kabula umemvalisha sweta? Leo upepo."

Nyamizi akainua kichwa. "Si umemchukua wewe?"

"Mimi? Nimemwacha kitandani na wewe."

Ile pamba iliyokuwa mkononi mwake ikabaki hewani, na Nyamizi alikuwa ameshafika getini kabla haijagusa chini, akikimbia bila viatu, akipita mashamba watu wanamwita hasikii, akishuka mbugani miiba inamchana hahisi, maji ya mto yakimrukia mpaka kifuani, na kichwani kitu kimoja tu kinazunguka, kwamba nimemfungia mwanangu na yule, nimemfungia kwa mkono wangu, kufuli nje, ufunguo kwapani, na kilima kinapanda hakiishi, na nyumba zote zimefunga milango kama watu waliofumba macho wasione, na kimya, kimya kile cha mchana wa Lala Uende ambacho hakuna mkazi wake hata mmoja aliyekuwa amewahi kukisikia kwa sababu saa hizo hakuna aliyewahi kuwepo, na ndani ya kimya hicho, akikaribia mlango wake, akasikia jiwe la kusagia likienda, hrrr, hrrr, taratibu, jiwe ambalo yeye hana, na mtu anamwimbia mtoto.

Kufuli lilikuwa limefungwa vile vile. Ufunguo ukamdondoka, akauokota, ukadondoka tena. Alipofungua jiwe likanyamaza.

Kabula alikuwa amekaa katikati ya sakafu, miguu kaikunja kama mtu mzima. Kapakwa samli mwili mzima anang'aa. Kichwa kimenyolewa, kimeachwa kishungi katikati, mtindo wa watoto wa zamani sana, ambao Nyamizi mwenyewe aliusikia kwa kusimuliwa. Mdomoni ana povu la maziwa. Hakulia kumwona mama yake. Aliweka kidole mdomoni, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Shii, mayu. Bibi kalala."

Akaonyesha kiti. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini mto wa kile kiti, ule wa maua aliouleta Sikuzani kwenye mitumba, ulikuwa umebonyea katikati, na Nyamizi akiwa anauangalia, ukainuka polepole, ukajaa, kama mtu amenyanyuka kumpisha mgeni.

Jioni ile wakanong'onezana, mtoto katikati yao.

"Mimi nasema tusimkasirishe," Mihayo akasema. "Mtoto kashiba. Hana hata mkwaruzo. Wangapi wanaacha watoto kwa watu wenye mwili wanawakuta wana makovu?"

"Mihayo, unataka jini likulelee mtoto?"

"Sitaki. Nasema tu anaosha na vyombo."

Nyamizi akamtandika kofi la mgongo ambalo mpaka leo naamini lilikuwa halali. Kulipokucha akambeba Kabula kumtoa nje, na pale kizingitini mtoto akawa mzito. Sio uzito wa mtoto anayegoma, uzito wa gunia la mpunga. Mama anavuta, mtoto anavutwa kule. Na ile sauti kavu, karibu kabisa, kwenye sikio la Nyamizi, mpaka akahisi pumzi yenye harufu ya moshi wa samadi:

"Mwache. Bado namfundisha."

Mihayo ndiye aliyewang'oa, kwa kuwarukia wote wawili wakaangukia uani. Siku hiyo hiyo wakahamia kwa shangazi mjini. Mnadhani iliisha? Kabula hakula. Uji anatema, ndizi anatema, maziwa ya dukani akionja analia machozi. Anakaa amegeukia upande wa mto, anasema Kisukuma kile cha ndani, cha maneno ambayo shangazi mwenyewe na mvi zake aliyasikia kwa marehemu bibi yake. "Nirudisheni nikashike kaya," ndiyo alikuwa anasema. "Nirudisheni, nyumba iko peke yake." Na kaya ni nyumba na boma na vyote vilivyomo, mtoto wa umri ule hajui neno hilo. Mbavu zikaanza kuhesabika. Nyamizi akaona wazi mwanawe anaisha kama mshumaa.

Sikuzani akamleta Maalim Tajudin, mtu mwenye sifa, majini ya watu yalikuwa yanamkimbia toka barabarani. Walikwenda mchana. Maalim akasimama mlangoni, akasoma, akasoma, jasho likamtoka. Ndani kimya. Akafungua mlango. Kigoda kikatoka kwenye kona peke yake, kikaburuzika juu ya ile sakafu ya mavi, kikaja kikasimama mbele ya miguu yake.

"Karibu mgeni," sauti ikasema. "Kaa. Wenyewe wamekwenda, wanarudi."

Maalim akarudi kinyumenyume mpaka kwenye minyaa. Ndala zake alizivua pale mlangoni kwa heshima, na pale mlangoni zikabaki.

"Mama," akamwambia Nyamizi, anahema, "jini nalifukuza. Lakini huyu kanikaribisha, kanipa na kiti. Nitamfukuzaje mwenye nyumba? Mtafuteni anayewajua watu wa hapa."

Ndipo Mihayo akaenda Nkoma kumchukua mfumu, mganga wetu wa Kisukuma, mama mtu mzima anaitwa Nkwimba, mnene, mkali, anavuta kiko. Akaja na kuku wake. Akamchinja pale uani, akampasua, akaangalia ndani ya kuku muda mrefu, akasonya.

"Nani alimwambia huyu mama abaki?"

Nyamizi akapiga magoti. "Ni mimi, mayu. Nilikuwa natishia wezi."

"Wewe umeamsha. Kuna wa kwanza." Nkwimba akasimama, akazungusha macho kwenye yale mabaki ya minyaa, kama anayesoma. "Kumbe ni hapa. Hapa ni kwa mama yake Luhaga. Nilikuwa binti, nilikuja hapa kwenye arusi. Ilipofika ile operesheni ya vijiji, watu wote wa kilima hiki walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kukaa pamoja. Huyu mama mguu ulikuwa mbovu, na gari lilijaa. Mwanawe akamwambia, mayu, baki ushike kaya, tunashusha mizigo, tunarudi kukuchukua. Ikanyesha. Mbuga ikafunga. Halafu kukawa na hili na lile, kesho, keshokutwa." Akatema mate. "Mnajua mtu aliyeambiwa abaki anakaa mpaka lini? Mpaka arudi yule aliyemwambia. Sina dawa. Luhaga yuko hai, yuko Lalago. Mleteni."

Mihayo alimpata. Mzee mrefu aliyekatika kiuno, ana wajukuu mpaka anawachanganya majina. Wanasema alipoelezwa hakuuliza swali hata moja, alichukua fimbo yake na kofia, akawaambia watoto wake natoka kidogo.

Walifika kilimani mchana, jua kali, kimya kile kimetanda. Kabula yuko mgongoni kwa mama yake, kalegea, macho yamezama. Walipoingia uani tu mtoto akachomoka, wallahi sijui nguvu alizitoa wapi, akakimbia akaingia ndani, na mlango ukajifunga nyuma yake pole pole, bila kishindo, kama unavyofunga mtu aliyelaza watoto. Nyamizi akaurukia akaupiga kwa viganja, kwa kichwa, anaita jina la mwanawe, na ndani mtoto haitiki.

"Toka hapo, binti," mzee Luhaga akasema. Akavua kofia. Yule mzee mzima mwenye mvi akapiga goti kwenye vumbi kama mtoto aliyepoteza ndama.

"Mwadila, mayu," akaamkia.

Kuku mmoja akapita, akasimama, akarudi alikotoka.

"Mayu. Ni Luhaga. Nimekuja kukuchukua."

"Umechelewa," sauti ikasema.

"Ee, mayu. Nimechelewa."

"Gari iko wapi?"

"Hakuna gari, mayu. Nimekuja kwa miguu yangu."

Ikapita pumzi, ndefu, ikapita kwenye nyufa zote za mlango, harufu ya moshi na samli na mvua ya zamani ikamwagika uani, mpaka Sikuzani aliyekuwa amejificha nyuma ya Nkwimba akaanza kulia bila kujua analia nini.

"Nilijua utakuja," sauti ikasema. "Miguu imechoka kukaa. Lakini kaya haiachwi tupu, Luhaga, si nilikufundisha hivyo? Ndiyo maana nimetafuta wa kunipokea. Mdogo, lakini ana akili. Kupaka sakafu anajua. Kusaga anajua. Bado kidogo tu aache kula cha huko nje, atakaa vizuri. Twende, huyu anabaki."

Nyamizi akatoa mlio ambao hata mbuzi akichinjwa hautoi. Alimshika yule mzee kanzu, akamtikisa, akamwambia baba, baba nakuomba, baba ni huyo huyo mmoja niliye naye, na Mihayo kasimama pembeni ametoa ulimi kama amelogwa, na Nkwimba kiko kimemzimikia mdomoni, na mzee Luhaga anaangalia ule mlango, anaangalia minyaa, anaangalia njia aliyojia, kule chini mtoni, ambako baiskeli za kwanza za jioni zilikuwa bado hazijaanza kuonekana, mtu anayetazama njia yake ya kurudi kwa watoto wake na ng'ombe wake na kitanda chake.

"Mtoto mwache, mayu," akasema. "Wewe nenda. Nitabaki mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa natakiwa nibaki mimi siku ile. Nenda mayu, nashika kaya."

Mlango ukafunguka. Hakuna aliyemwona mtu. Lakini kwenye vumbi la ua zikaanza kuandikwa nyayo, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuza, unakanyaga, unaburuza, zikampita mzee, zikasimama mbele yake kidogo. Kishungi cha kofia aliyoishika kikalala upande kama kimepapaswa. Halafu zikatoka kwenye uwazi wa minyaa, zikashika njia ya Lalago.

Ndani Kabula akaanza kulia, kilio cha mtoto mwenye njaa, kitamu kuliko kwaya. Mama yake alimtoa akamlisha pale pale chini kiporo cha Sikuzani, na mtoto akala mpaka vidole vya watu.

Mzee Luhaga akaingia, akaketi kwenye kile kigoda. Mihayo na mkewe walihamisha vyombo saa ile ile, godoro kichwani, hawakugeuka. Nyumba wakamwachia, na sakafu yake.

Alikaa. Watu wakipita asubuhi wanamkuta mlangoni, jioni wanamkuta mlangoni. Wezi hawakuonekana tena Lala Uende. Mwanzoni watu walifurahi, wakamletea dagaa, wakamletea tumbaku. Ila kadiri mwezi ulivyokwenda akawa hamalizi chakula, halafu akawa hakigusi, na aliposalimiwa sauti ilikuwa inatoka nyuma yake zaidi kuliko mdomoni.

Ndipo watoto wake wakaja toka Lalago na mkokoteni wa ng'ombe, wamejaa, wana na wakwe, kumchukua baba yao. Nyamizi alisikia sokoni, akambeba Kabula akaenda mpaka pale kwenye minyaa, asikaribie zaidi. Wakamsihi mzee. Wakamlilia. Akawasikiliza wote, akawajibu kwa upole.

"Nakuja wanangu, mbona nataka sana kuja. Nani anabaki?"

Wakatazamana. Kaka akamtazama mdogo wake, mkwe akamtazama mkwe, halafu wote wakakuta ardhi ina kitu cha kutazama. Sikuzani alikuwepo, naye akatazama ardhi. Na Nyamizi, ambaye mwanawe alikuwa hai mgongoni kwa sababu ya mzee yule, midomo ilimcheza, akataka kusema neno, akamkaza Kabula kwenye khanga, akatazama ardhi.

Binti mkubwa ndiye aliyevunja kimya, anafuta machozi, anapanda mkokoteni. "Basi baba, wewe kaa kidogo. Tukipata mtu tutarudi kukuchukua."

Nyamizi alishaanza kukimbia, mkono mbele, anapiga kelele, "Usiseme! Dada, usimwambie hivyo!"

Lakini lilikuwa limeshatoka, na mzee kule mlangoni alishalisikia, alikuwa amenyoosha shingo kulipokea.

"Lini?" akauliza.

Kule kwenye mkokoteni fimbo ilishapanda juu, na ng'ombe walishaanza kuvuta.